Joto la Kasese si joto la Dunia: tusichanganye sababu (uzi mrefu)

Mwalimu_Nyamwamba

Wapendwa, salamu kutoka Kasese, magharibi mwa Uganda.

Alhamisi iliyopita nilipanda taksi kutoka Bwera kurudi mjini. Ilikuwa saa nane mchana, madirisha yote wazi, na bado shati limenigandia mgongoni. Mama mmoja aliyepakata kikapu cha mihogo akasema jua limeshuka. Kijana wa kiti cha nyuma akasema ni miti iliyokatwa. Kondakta akasema ni tundu la ozoni. Mzee aliyekaa karibu na dereva akasema ni moto wa volkano za Kongo. Tumeshuka stendi bado wanabishana. Mimi ninafundisha jiografia mwaka wa kumi na nne huu, na sikufungua mdomo, kwa sababu jibu langu lingehitaji safari ya kufika Kampala. Jambo hilo limenikosesha raha tangu siku hiyo, ndiyo maana naandika.

Tuna maswali mawili tofauti na tunayajibu kana kwamba ni moja. La kwanza ni la mahali: kwa nini Kasese panaunguza na Kabale watu wanalala na mablanketi mawili? La pili ni la Dunia nzima: ukichukua joto la kila pembe, usiku na mchana, nchi kavu na bahari, ukapiga wastani, kwa nini unapata kama nyuzi 15, na kwa nini namba hiyo inapanda? Sababu zinazojibu swali la kwanza, nyingi hazijibu la pili.

Tuanze na mahali. Kasese na Kabale zote ni jirani wa ikweta, jua linazipiga karibu sawa. Kinachozitenganisha ni mwinuko: Kasese iko karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, Kabale karibu mita 1,900. Watoto darasani huniuliza kila mwaka: ukipanda mlima si unalikaribia jua, mbona unapata baridi? Kilele cha Margherita, cha juu kabisa katika mlima wetu wa Rwenzori, kiko mita 5,109. Jua liko kilomita milioni 150. Hizo kilomita tano ni sawa na bure.

Jua haliipashi hewa sana linapopita. Linapasha udongo, mabati, lami na maji, na hivyo ndivyo vinavyoipasha hewa kutoka chini. Hewa hiyo ikipanda inakuta mgandamizo umepungua, inatanuka, na ikitanuka inapoa. Wenye magari na boda wanalijua hili kwa vidole vyao: bonyeza pini ya tairi, upepo unaotoka ni baridi; jaza tairi kwa pampu ya mkono, pampu inapata moto. Kwa wastani, kila kilomita moja unayopanda inaondoa nyuzi 6.5.

DerevaMpondwe

Mwalimu, asante sana. Mimi napeleka mizigo kutoka Kabale hadi Mpondwe, mpakani na Kongo, karibu kila wiki. Hiyo ya pini ya tairi nimeielewa kabla hujamaliza sentensi. Sasa nieleze Entebbe. Entebbe na Kasese hazipishani sana kwa mwinuko, mbona Entebbe mtu anapumua?

Mwalimu_Nyamwamba

Ziwa, ndugu yangu. Maji hupata joto polepole na kupoa polepole, na sehemu kubwa ya joto linaloyafikia inaishia kwenye kuyageuza kuwa mvuke. Ndiyo maana ukitoka kuoga huku umelowa, upepo kidogo tu unakutia baridi. Entebbe ina Ziwa Viktoria, la kilomita za mraba zaidi ya 68,000, mlangoni. Kasese imekaa kwenye sakafu ya Bonde la Ufa, mlima umesimama pembeni ukiizuilia mvua, ardhi ni kavu. Jua likipiga hapa halina maji ya kugeuza mvuke, linabaki kupasha mchanga.

Na kwa kuwa mtu atauliza majira: mhimili wa Dunia umeinama nyuzi 23.5, ndiyo sababu wenzetu wa Ulaya wana kiangazi cha joto na kipupwe cha theluji. Umbali wa jua hauhusiki na hilo. Dunia hulikaribia jua zaidi mwanzoni mwa Januari, kilomita milioni 147, wakati London wanatetemeka. Na huwa mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, milioni 152. Sisi wa ikweta jua hutupitia utosini mara mbili kwa mwaka, Machi na Septemba, mchana wetu ni saa 12 daima, kwa hiyo misimu yetu tunaihesabu kwa mvua.

Bwera_Kijana

Ssebo, hayo ya mahali sawa. Lakini kwa Dunia nzima si jua tu? Likiwa kali tunaungua, likipoa tunapoa. Sioni fumbo.

Mwalimu_Nyamwamba

Jua ni mwanzo wa yote, lakini halijibu peke yake. Fanya hivi nyumbani. Chukua jerikeni kuukuu, ikate mdomo, itoboe tundu kwa msumari karibu na chini, kisha iweke chini ya bomba lililofunguliwa kidogo. Maji yatapanda. Yakipanda, yanasukuma zaidi kwenye tundu, mpaka yafike mahali ambapo yanayoingia ni sawa na yanayotoka. Hapo kina kinatulia, hata kama bomba linaendelea kutiririka siku nzima.

Dunia iko hivyo. Jua linaingiza joto. Dunia inalitoa kwa kuliangaza kwenda angani kwa miale ambayo macho hayaioni. Kadiri inavyopata joto ndivyo inavyotoa zaidi, mpaka mizani ilingane. Kwa hiyo vitu vinavyoweza kubadilisha kina cha maji ni vitatu tu, na ningependa kila anayebishana kwenye taksi ajiulize anazungumzia kipi: bomba limefunguliwa zaidi, au maji mengi yanaruka nje kabla ya kuingia, au tundu limebanwa.

Bomba ni jua lenyewe. Yanayoruka nje ni mwanga unaorudishwa na mawingu, barafu, mchanga mweupe na vumbi: katika kila sehemu 100 za mwanga wa jua, karibu 30 hurudi angani bila kuipasha Dunia. Tundu ni angahewa. Ukipiga hesabu ya jua pamoja na hizo 30 zilizorudishwa, ukasahau gesi zinazozuia joto, unapata Dunia ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Ziwa lote lingekuwa jiwe la barafu. Lakini tuko kwenye 15 juu ya sifuri. Tofauti ya nyuzi 33 ni kazi ya angahewa, na bila hiyo hakuna matoke wala mtu wa kuyapika.

Angalia pia majirani zetu. Utaridi ndiyo sayari iliyo karibu zaidi na jua. Zuhura iko mbali zaidi, na mawingu yake mazito yanarudisha sehemu kubwa sana ya mwanga. Lakini Zuhura ndiyo yenye joto kuliko zote, kama nyuzi 460, kwa sababu hewa yake karibu yote ni hewa ukaa (kaboni dioksidi).

Bwera_Kijana

Hapo kwenye hewa ukaa ndipo ninapokwama. Nimesoma kwamba hewani kwetu ni sehemu 420 tu katika milioni. Hiyo ni nini? Ukinipa maharage milioni na ndani yake mabovu 420, nitapika nile.

Mwalimu_Nyamwamba

Swali zuri, na wakubwa wengi wamekwama hapo. Tazama chandarua chako usiku. Ukipima nyuzi zake na matundu yake, sehemu kubwa ni matundu. Upepo unapita, mwanga wa taa unapita, sauti inapita. Mbu hapiti. Chandarua hakimzuii mbu kwa uzito wake, kinamzuia kwa sababu tundu na mbu havipatani kwa ukubwa.

Naitrojeni na oksijeni ni karibu asilimia 99 ya hewa kavu, na zote mbili haziuzuii mwale wa joto unaotoka ardhini. Ni kama matundu. Mvuke wa maji, hewa ukaa na methini ndizo nyuzi: zinaruhusu mwanga wa jua ushuke lakini zinanasa ule mwale wa joto ukipanda, na sehemu ya joto hilo hurudi chini. Si jambo la jana. Mwanamke mmoja wa Marekani, Eunice Foote, aliweka gesi mbalimbali kwenye mitungi ya kioo juani na kuandika mwaka 1856 kwamba ule wenye hewa ukaa ulipata joto zaidi. John Tyndall akapima mwaka 1859 jinsi gesi zinavyonasa mwale wa joto. Mwaka 1896 Svante Arrhenius wa Uswidi akakaa chini kuhesabu kwa mkono Dunia ingepata joto kiasi gani hewa ukaa ikiongezeka maradufu. Wote hawa walikuwa wamekufa kabla babu yangu hajaona gari.

Kabla ya viwanda zilikuwa sehemu 280 katika milioni. Charles Keeling alipoanza kupima juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, alikuta 315. Leo tumevuka 420. Tundu la jerikeni linabanwa polepole kwa kidole.

MamaKahawa_Bugoye

Nimesoma kimya mpaka hapa. Mimi si msomi wa mambo hayo, nalima kahawa ya arabika huku mlimani, shamba la mama mkwe wangu. Nataka kusema kitu kimoja. Mama mkwe anasema zamani usiku ulikuwa unakata. Walikuwa wanaleta sigiri ndani, wanalala miguu ikielekea kwenye majivu. Sasa mimi nalala na shuka moja. Mchana sioni tofauti kubwa, lakini usiku umebadilika. Hiyo nayo ni angahewa, au ni uzee wake unaomfanya akumbuke baridi?

Mwalimu_Nyamwamba

Nnyabo, mwambie mama mkwe wako kumbukumbu yake inakwenda sawa na vipimo. Katika sehemu nyingi za Dunia usiku umepata joto haraka kuliko mchana tangu katikati ya karne iliyopita. Mchana jua ndilo linalotawala. Usiku jua halipo, kazi iliyobaki ni ya kutoa joto tu, na hapo ndipo unapoona kama tundu limebanwa. Wewe mwenyewe unajua usiku wenye mawingu hauna baridi kama usiku wa nyota. Wingu ni blanketi usiku, mchana ni mwavuli.

Na hapo jua linaondolewa kwenye kesi. Kama ni bomba lililofunguliwa zaidi, mchana ndio ungepanda sana. Tena setilaiti zinalipima jua tangu mwaka 1978: linapanda na kushuka kwa mzunguko wa miaka kama 11, tofauti yake ni karibu asilimia 0.1, na kwa miaka hiyo yote haliongezeki. Kuna ushahidi mwingine ninaoupenda kuliko wote. Kama jua ndilo limezidi, angahewa yote ingepata joto, ya chini na ya juu. Lakini vipimo vinaonyesha hewa ya chini inapata joto na tabaka la juu, lile la zaidi ya kilomita 15 hivi, linapoa. Joto linazuiwa chini. Syukuro Manabe alilionyesha hilo kwa hesabu mwaka 1967, kabla setilaiti hazijalipima, na mwaka 2021 akapewa Nobeli ya fizikia.

Fundi_Jua_Mbarara

Mimi nafunga paneli za sola na nakubaliana na mwalimu kuhusu jua. Swali langu ni mvuke. Umesema mvuke wa maji nao unanasa joto. Mvuke ni mwingi kuliko hewa ukaa. Mbona hatuulaumu?

Mwalimu_Nyamwamba

Kweli, mvuke unanasa joto kuliko gesi nyingine yoyote. Lakini mvuke hauanzi jambo, unafuata. Ukiuzidisha leo, baada ya siku kama kumi umeshanyesha. Kiasi chake hewani kinaamuliwa na joto lenyewe: kila nyuzi moja ikiongezeka, hewa inaweza kubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7. Hewa ukaa hainyeshi hivyo. Sehemu yake kubwa inabaki juu kwa mamia ya miaka. Kwa hiyo hewa ukaa inapandisha joto kidogo, mvuke unaongezeka kwa sababu ya hilo joto, na mvuke unalipandisha zaidi. Barafu nayo inafuata mkondo huohuo: theluji mpya inarudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga, maji ya bahari yaliyo chini yake yanarudisha chini ya 10. Ikiyeyuka, Dunia inameza joto ambalo ilikuwa inalitupa.

Na asilimia 7 hiyo ndiyo inayonitia hofu hapa Kasese. Hewa yenye mvuke mwingi ikimwaga, inamwaga kwa pamoja. Waliokuwepo Mei 2013 na Mei 2020 wanajua mto Nyamwamba ulivyoshuka Kilembe. Nilipita asubuhi baada ya maji kupungua. Palikuwa na jiwe kubwa kama taksi limesimama katikati ya njia, na juu yake ndala ya mtoto, ya bluu, upande mmoja. Siwezi kusema mvua ile moja ililetwa na hewa ukaa. Ninachosema ni kwamba hewa yenye joto imebeba maji mengi zaidi, na mlima wetu una miteremko mikali.

MamaKahawa_Bugoye

Poleni sana. Ndala ile ningeiona hata usingizini.

Na volkano, mwalimu? Yule mzee wa taksi asibaki bila jibu.

Mwalimu_Nyamwamba

Mzee ana haki ya kuuliza, Nyiragongo ililipuka Mei 2021 na ukiwa Kisoro usiku anga huwa jekundu. Moto wake unaunguza Goma na hauongezi joto la Dunia. Hewa ukaa inayotoka kwenye volkano zote kwa mwaka haifiki hata asilimia 1 ya ile tunayotoa kwa makaa ya mawe, mafuta na gesi. Tena mlipuko mkubwa sana hufanya kinyume: unarusha salfa juu sana, inageuka matone madogo yanayorudisha mwanga. Pinatubo ya Ufilipino mwaka 1991 iliipoza Dunia karibu nusu nyuzi kwa mwaka mmoja au miwili. Tambora ya Indonesia mwaka 1815 ilifanya Ulaya wakose kiangazi mwaka uliofuata, na mazao yakaharibika. Kisha salfa inashuka, joto linarudi.

Tundu la ozoni ni jambo jingine kabisa. Liko juu ya Antaktika, lilitokana na gesi za majokofu na makopo ya kupulizia, na hatari yake ni mionzi inayounguza ngozi na macho. Mataifa yalikubaliana Montreal mwaka 1987 kuziacha gesi hizo, na ozoni inapona. Gesi hizo zenyewe zinanasa joto pia, lakini joto haliingii kwa lile tundu.

Miti inahitaji uangalifu zaidi. Ukikata msitu, hapo ulipoukata patapata joto: kivuli kimeondoka, na ile kazi ya majani kutoa mvuke imeondoka. Hilo ni la mahali. Lakini mti huo ukichomwa kuwa mkaa, kaboni yake inapanda hewani, na hilo ni la Dunia nzima. Kijana wa kiti cha nyuma alikuwa sahihi mara mbili bila kujua. Alichokosa ni ukubwa: ukataji wa misitu ya Dunia yote unachangia sehemu ndogo, makaa ya mawe, mafuta na gesi ndiyo mengi.

MamaKahawa_Bugoye

Hapo ndipo panaponiuma. Makaa ya mawe siyajui. Sina gari. Napika kwa kuni za matawi ya kahawa ninayopogoa. Kwa nini usiku wangu ubadilike?

Mwalimu_Nyamwamba

Kwa sababu hewa haina mpaka wa Mpondwe. Hewa ukaa iliyotoka kwenye bomba la moshi la kiwanda popote inachanganyika Dunia nzima kwa muda wa mwaka mmoja hivi, na namba wanayopima Hawaii karibu ndiyo iliyo juu ya shamba lako. Iliyokusanyika huko juu, sehemu kubwa ni ya Marekani na Ulaya kwa miaka mingi. Kwa sasa China ndiyo inayotoa nyingi zaidi kwa mwaka. Mchango wa Uganda ni mdogo mno. Una haki ya kuumia, nnyabo, na mimi naumia pamoja nawe.

Fundi_Jua_Mbarara

Na barafu ya Rwenzori? Nimesikia wengine wanasema ilishawahi kuyeyuka na kurudi, ni mzunguko wa kawaida.

Mwalimu_Nyamwamba

Wana nusu ya ukweli. Njia ya Dunia kulizunguka jua na mwinamo wa mhimili wake hubadilika taratibu, kwa mizunguko ya miaka karibu 23,000, 41,000 na 100,000. Milutin Milankovitch wa Serbia ndiye aliyeipigia hesabu. Miaka kama 20,000 iliyopita Dunia ilikuwa na baridi kuliko leo kwa nyuzi kama 5 au 6, na barafu ya mlima wetu ilishuka mbali kwenye bonde la Mubuku. Vifusi vya mawe ilivyovisukuma bado vipo. Karibu na zama hizo, ziwa la Entebbe tulilozungumzia lilifikia kukauka. Lakini mizunguko hiyo inatembea kwa maelfu ya miaka. Msafara wa Duke wa Abruzzi, kutoka Italia, ulipopanda mwaka 1906 mlima ulikuwa na zaidi ya kilomita za mraba 6 za barafu. Mwaka 2003 ilikuwa imebaki chini ya moja. Wataalamu walibishana kama ni joto la hewa au ni kupungua kwa unyevu na mawingu, na ni haki kusema ubishi huo ulikuwepo. Barafu yenyewe haikusubiri wamalize.

Wakonzo wanaiita theluji nzururu, na huko juu ndiko kwa Kitasamba, mungu wa mlima katika imani yao. Babu yangu alipokuwa ananionyesha weupe ule asubuhi, tulikuwa tumesimama nyuma ya jiko, naye hanyooshi kidole, anatumia kidevu, kwa heshima. Sasa nikisimama palepale na wanangu, asubuhi nyingi naona jiwe jeusi.

DerevaMpondwe

Mwalimu, nimerudi. Baada ya kusoma uzi huu nilinunua kipimajoto cha ukutani, nikakifunga kivulini nyuma ya kiti. Kabale saa kumi na mbili asubuhi: 13. Bushenyi saa tatu: 20. Nikashuka ukingo wa bonde mpaka daraja la Katunguru saa sita: 28. Kasese saa nane: 32. Hiyo ni tofauti ya 19, na wewe ulisema 6.5 kwa kilomita. Mwinuko haufiki hata kilomita moja. Nini kimezidi?

Mwalimu_Nyamwamba

Ndugu, umenifurahisha mno. Kilichozidi ni saa. Kabale ulipima alfajiri, Kasese ulipima mchana, kwa hiyo umejumlisha mlima na jua la siku nzima. Na ndani ya kabini injini nayo imeongeza chake. Tunahitaji watu wawili, saa moja, kivulini, nje ya gari, mita moja na nusu kutoka ardhini.

DerevaMpondwe

Shemeji yangu ana duka Kabale. Jumamosi saa nane kamili nitampigia nikiwa Kasese. Nitakununulia na wewe kimoja ukifunge shuleni.

MamaKahawa_Bugoye

Na mimi nileteeni. Nitapima usiku.